Gereji iliyopima kabla ya kufungua: breki za Corolla ya mwaka 1994, Mbale

Katika muda wa miezi kumi na minne nilitengenezesha breki ya gurudumu moja mara nne. Gurudumu lenyewe ni la mbele upande wa kulia, gari ni Toyota Corolla ya mwaka 1994, na mji ni Mbale, mashariki mwa Uganda, ambako ukishika njia ya kwenda mlimani hukawii kukutana na miinuko ya Elgon. Mara ya tano nililipeleka gari kwenye gereji ndogo isiyo na kibao, kando ya barabara inayoelekea Sironko, na huko ndiko ugonjwa ulikojulikana. Ninaiandikia gereji hiyo kwa sababu fundi wake anastahili wateja, na kwa sababu namna alivyolitafuta kosa ni jambo ambalo kila mwenye gari la umri huo angefaidika kulijua kabla ya kununua kipuri chochote.

Nieleze kwanza dalili, kwa kuwa ndizo zilizowapoteza mafundi wawili waliotangulia. Karibu kila Jumamosi ninakwenda Kapchorwa kwa wakwe zangu, ambako tuna shamba dogo la viazi. Kupanda hakukuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa wakati wa kushuka, gari likiwa na magunia mawili ya viazi nyuma na watu wanne ndani: baada ya kona za Sipi usukani ulianza kutikisika kila nilipokanyaga breki, ikafuata harufu ya kitu kinachoungua, kisha pedali ikalegea na kuzama chini ya mguu kama mtu anayekanyaga unga uliokandwa. Nikisimama kando ya barabara, gurudumu la mbele kulia lilikuwa na moto wa kutoweza kuguswa, ilhali la kushoto lilikuwa na joto la kawaida tu. Nikipumzika nusu saa, pedali ilirudi juu na gari likawa kama halikuwahi kuugua. Jumatatu asubuhi, nikiendesha kutoka nyumbani hadi shuleni ninakofundisha, umbali usiofika kilomita nne, breki zilishika vizuri kabisa, na ni katika hali hiyo ya Jumatatu ndipo mafundi walipolipokea gari.

Gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, iliona pedi za kulia zimekwisha wakati za kushoto zina unene wa nusu, ikabadilisha pedi zote za mbele. Baada ya miezi mitatu hali ikawa ile ile, wakazibadilisha tena na kunilaumu kwamba ninakanyaga breki kupita kiasi ninaposhuka. Nilihamia gereji ya pili, ambayo nayo haitajwi. Wao walisema kalipa imekwama, yaani kile chuma chenye pistoni kinachozibana pedi kwenye diski, wakafunga kalipa iliyotumika iliyoletwa kutoka Kampala. Nilipata wiki sita za amani. Tatizo liliporudi walisema ni masta silinda, yaani ile pampu inayoyasukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedali, ikabadilishwa, nikapata wiki tano. Kwa mara hizo nne nilitumia shilingi 790,000, fedha ambayo kwa mshahara wa mwalimu haihitaji maelezo, lakini si fedha iliyoniuma zaidi. Jumamosi moja mwezi Machi nilishuka na watoto wangu wawili katika kiti cha nyuma, pedali ikazama katikati ya kona, nikalisimamisha gari kwa gia ya kwanza na breki ya mkono, na tangu siku hiyo niliapa kwamba halitashuka mlima tena mpaka mtu anieleze kinachotokea, si kuniuzia kipuri kingine.

Fundi wa gereji hii ni mtu wa makamo, vijana wake wanamwita Mzee. Alifanya kazi miaka mingi Eldoret kabla ya kurudi nyumbani, kwa hiyo Kiswahili chake ni chepesi na anakipenda. Alipojua ninakifundisha alianza kuniita Mwalimu na hakuacha. Jambo la kwanza aliloniambia liliniudhi. Alisema kulikagua gari tu, bila kufungua wala kubadilisha chochote, ni shilingi 40,000, zilipwe kwanza, na hazirudishwi hata kama kosa litakuwa dogo. Nilimuuliza kwa nini nilipie kutazamwa, wakati gereji nyingine zote hutazama bure.

"Mwalimu, anayekutazamia bure lazima akuuzie kitu ndipo ale," alinijibu. "Mimi ukishanilipa, sina haja ya kukuuzia."

Nililipa. Kisha, badala ya kuchukua spana, alikaa juu ya tairi kuukuu akaanza kuuliza maswali. Je, pedali inalegea gari likiwa baridi au moto tu? Je, mafuta ya breki yanapungua kwenye kikopo chake? Je, nikisimama kwenye taa na mguu ukiwa juu ya pedali, pedali inazama polepole yenyewe? Je, usukani unatikisika nikiwa nimekanyaga breki au hata nikiwa sijakanyaga? Baadaye alinieleza kila swali lilikuwa la nini: pedali inayozama polepole bila mafuta kuvuja popote huonyesha kwamba raba za ndani ya masta silinda zinapitisha; mtikisiko usiohusiana na breki huweza kuwa wa tairi, rimu au beringi; na pedali inayolegea moto tu huonyesha kwamba kuna kitu kinachemka.

Swali lililofungua mlango, hata hivyo, lilikuwa moja: "Gari linavuta upande gani?"

Nilisema linavuta kulia. "Lini?" akauliza. Nikakaa kimya, maana hakuna aliyewahi kuniuliza lini. Nilipofikiri vizuri nilikumbuka kwamba ninapokanyaga breki ghafla gari huegemea kushoto kwanza, na ninapoinua mguu ndipo huvuta kulia kwa muda kidogo. Mzee aliitikia kwa kichwa na kusema kwamba gari linalovuta upande mmoja unapokanyaga na upande mwingine unapoachia linaeleza jambo ambalo gari linalovuta upande mmoja siku zote halielezi. Breki ya kulia ilikuwa inachelewa kushika, ndiyo maana ya kushoto ililivuta gari kwanza. Na ilikuwa inachelewa kuachia, ndiyo maana kulia kuliendelea kushikwa baada ya mguu kuondoka. Kitu kinachochelewesha njia zote mbili, alisema, hakiko kwenye pedi.

Hakutaka kulikagua gari likiwa baridi. Tulitoka pamoja kuelekea Sironko, yeye akiendesha, akikanyaga breki kila mara kama mtu anayeshuka mlima, tukarudi baada ya dakika ishirini hivi. Akashuka na kipimajoto cha kushika mkononi, kile chenye umbo la bastola ambacho husoma joto bila kugusa, akakielekeza kwenye kila diski ya mbele na kila dramu, yaani ngoma ya breki ya nyuma. Mbele kushoto ilisoma digrii 88. Mbele kulia ilisoma 214. Magurudumu mawili ya nyuma hayakufika hata 50. Aliziandika namba hizo kwa chaki juu ya sakafu ya saruji, mbele ya kila gurudumu, na nilipoziona pale chini nilielewa kwa jicho kile nilichokuwa nimekieleza kwa maneno kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Kazi iliyofuata ilimchukua chini ya robo saa, na ndiyo ninayotaka kuieleza kwa utulivu. Alizuia magurudumu ya nyuma kwa vipande vya mti, akainua mbele kwa jeki, akaweka stendi mbili za chuma chini ya bodi kabla ya mtu yeyote kusogeza mkono, na nilifurahi kuona hivyo kwa sababu gereji nyingi zetu huacha gari lining'inie kwenye jeki peke yake. Alimwambia kijana mmoja akanyage breki mara tano kwa nguvu na kuachia. Gurudumu la kushoto lilizunguka kwa mkono mara moja. La kulia halikusogea. Hapo akaanza kuifuata njia ya mafuta kutoka kwenye chanzo hadi mwisho, akifungua sehemu moja kwa wakati mmoja.

Kwanza alilegeza kidogo nati ya paipu inayotoka kwenye masta silinda. Kama presha ingekuwa imenaswa kwenye masta silinda, mafuta yangeruka pale na gurudumu lingeachia. Yalitoka matone mawili matatu bila nguvu, na gurudumu likabaki limeshikwa. Akaikaza nati. Pili, alilegeza kiungo kilichoko nyuma ya gurudumu, pale paipu ya chuma inapokutana na mpira wa breki, ule mpira mweusi unaopeleka mafuta kwenye kalipa na unaoweza kujipinda gurudumu linapogeuka. Matone tena, bila nguvu, na gurudumu bado limeshikwa. Akaikaza. Tatu, alilegeza skrubu ya kutolea hewa iliyoko kwenye kalipa yenyewe. Mafuta yaliruka kama mate ya nyoka, na papo hapo gurudumu likawa jepesi, likazunguka kwa kidole kimoja.

Aliniangalia akaniuliza kama nimeelewa, nami nilikuwa nimeelewa. Presha ilikuwepo kwenye kalipa, lakini haikuwepo mwanzoni mwa mpira. Kati ya sehemu hizo mbili hakuna kitu kingine ila mpira wenyewe, wenye urefu usiozidi mkono kutoka kiwikoni hadi kiganjani. Kama skrubu ya kalipa ingefunguliwa na gurudumu likabaki limeshikwa, basi kosa lingekuwa la chuma: pistoni iliyoshika kutu au pini za kalipa zilizokauka grisi. Na kama lingeachia kwenye nati ya kwanza, lingekuwa la masta silinda au la fimbo ya busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, iliyorekebishwa vibaya. Alilirudia jaribio zima mara ya pili, ingawa sikumwomba, likatoa jibu lile lile.

Aliongeza hoja moja ambayo kwangu ndiyo iliyoonyesha kwamba anaijua kazi yake. Katika Corolla hii, kama katika magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele, masta silinda imegawanywa sehemu mbili, na kila sehemu hulisha magurudumu mawili yaliyo mkabala kwa mshazari: mbele kulia pamoja na nyuma kushoto, mbele kushoto pamoja na nyuma kulia. Mpango huo umewekwa ili sehemu moja ikivuja, gari libaki na breki moja ya mbele na moja ya nyuma. Kwa hiyo kama masta silinda ndiyo ingekuwa inanasa presha, gurudumu la nyuma kushoto nalo lingekuwa moto. Namba aliyoiandika kwa chaki mbele ya gurudumu hilo ilikuwa 46. Masta silinda ya zamani, ambayo nililipa shilingi 330,000 ibadilishwe pamoja na ufundi, huenda haikuwa na kosa lolote, na ningeweza kujua hivyo kwa kuweka mkono karibu na gurudumu la nyuma.

Aliufungua mpira, akaukata kwa msumeno mdogo katikati, kisha akaupasua kwa urefu kwa kisu. Kwa nje ulikuwa mzima, haukuwa na ufa wala jasho la mafuta, na ndiyo maana hakuna aliyeushuku. Kwa ndani, tundu ambalo lilipaswa kupitisha njiti ya kiberiti lilikuwa limevimba mpaka likafanana na jicho la sindano, na mahali karibu na kiungo cha kalipa ngozi ya ndani ilikuwa imebanduka ikabaki kama ulimi mdogo. Aliusukuma ulimi huo kwa ncha ya waya: ukisukuma kutoka upande wa masta silinda unalala na kupisha, ukisukuma kutoka upande wa kalipa unainuka na kuziba. Mguu wangu ulikuwa na nguvu ya kuyasukuma mafuta kupita pale, lakini pistoni ya kalipa hurudishwa na unyumbufu mdogo tu wa raba yake, haikuwa na nguvu ya kuyarudisha. Mjini, ambako nilikanyaga breki mara moja kila baada ya muda, mafuta yalipata nafasi ya kujipenyeza polepole kurudi. Mlimani, nikikanyaga kila baada ya sekunde chache, presha ilijikusanya mpaka pedi zikawa zimeibana diski muda wote.

Hapo pia nilipata maelezo ya kwa nini kila matengenezo yalionekana kufaulu. Kila fundi aliyebadilisha pedi au kalipa alifungua mfumo, akairudisha pistoni nyuma, akatoa hewa, na kwa kufanya hivyo aliitoa presha iliyokuwa imenaswa. Kisha akalijaribu gari mjini na kunikabidhi. Kuhusu kilichouharibu mpira, Mzee hakudai kujua kwa hakika, lakini alitaja mambo mawili. La kwanza ni umri, maana hakuna dalili kwamba mpira ule uliwahi kubadilishwa. La pili ni tabia ambayo alinionyesha kwa mikono kwa uchungu wa mtu anayeipenda kazi yake: mafundi wengi, wanapobadilisha pedi, huifungua kalipa na kuiacha ining'inie kwenye mpira, uzito wote ukiuvuta na kuukunja pale pale kwenye kiungo, badala ya kuifunga kwa waya kwenye springi. Pale ndipo ulimi ulipobandukia.

Lilibaki suala la pedali kuzama. Mafuta ya breki yaliyotoka yalikuwa na rangi ya kahawa iliyokolea. Aliweka kiasi kidogo katika glasi ya maji akakoroga, yakachanganyika na maji bila kuacha utando juu, akasema vizuri, hakuna aliyechanganya humo mafuta ya injini au ya usukani, kwa kuwa mafuta ya namna hiyo yangeelea na yangekuwa yameshavimbisha raba zote za mfumo mzima. Kisha akachovya kifaa kinachofanana na kalamu kwenye kikopo cha mafuta, taa yake nyekundu ikawaka. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani mwaka baada ya mwaka, hata kama kifuniko kimefungwa, na maji hayo huyafanya yachemke mapema. Viwango vinasema mafuta ya breki ya daraja liitwalo DOT 3 yakiwa mapya yasichemke chini ya digrii 205, lakini yakishanyonya maji ya asilimia 3.7 kiwango kinachotakiwa hushuka hadi digrii 140. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Diski yangu ilisoma 214 baada ya mwendo mfupi wa tambarare. Kwenye mteremko wa Sipi, joto lililoipita pedi na kuifikia kalipa lilitosha kuyachemsha mafuta yale machakavu, na mafuta yakichemka hutoa mvuke, nao mvuke hubanyika kirahisi mahali ambapo mafuta hayabanyiki. Mguu ulikuwa unabana mvuke. Gari likipoa, mvuke ulirudi kuwa majimaji na pedali ikapanda. Kwa hiyo magonjwa mawili niliyodhani hayahusiani yalikuwa yanalishana: mpira uliokuwa unanasa ulileta moto, na mafuta yasiyobadilishwa yaliugeuza moto huo kuwa hatari.

Mtikisiko wa usukani ulitokana na diski. Aliupima unene wake kwa mikromita mahali panane kuzunguka duara, akapata tofauti ya sehemu chache za mia za milimita, kiasi ambacho jicho halikioni lakini mguu na mikono hukihisi kila gurudumu linapozunguka. Unene uliobaki ulikuwa bado juu ya kile kiwango cha mwisho kilichochapwa kwenye diski yenyewe, kwa hiyo alizipeleka diski zote mbili za mbele zikerezwe mjini badala ya kuniambia ninunue mpya. Nyuma hakukuwa na mengi: breki shuu, zile zinazoisugua dramu kwa ndani, zilikuwa nene, ila kile kigurudumu chenye meno kinachozisogeza karibu na dramu kilikuwa kimeshika kutu pande zote mbili, akakisafisha, akakitia grisi na kukirekebisha, pedali ikapanda kwa upana wa vidole viwili. Alisema breki za nyuma zilizokuwa mbali na dramu zilikuwa zimezitwika za mbele mzigo wa ziada muda huo wote.

Kununua vipuri aliniachia mwenyewe, akiniandikia kwenye karatasi. Mipira alitaka miwili, wa kulia na wa kushoto, kwa sababu umri wao ni mmoja. Ya kwanza niliyoileta aliikataa bila kuifungua kwenye mfuko. Ilikuwa myeusi tupu, haina maandishi yoyote ubavuni, na alinieleza kwamba mpira wa breki unaotoka kwa mtengenezaji anayejiheshimu huwa umechapwa jina lake na vipimo. Nilirudi dukani, nikabishana kidogo, nikaongeza fedha, nikaleta mingine yenye maandishi na mstari mweupe wa kwenda urefu. Mstari ule, nilijifunza, si pambo: mpira ukifungwa huku umejinyonga, mstari huzunguka kama kamba, na fundi anaona kosa lake kabla gari halijashuka chini. Baada ya kuifunga, akiwa ameweka washa mpya za shaba kwenye viungo vya kalipa, aliniita niushike usukani na kuuzungusha mpaka mwisho kushoto na mpaka mwisho kulia, huku yeye akitazama kama mipira inavutika au inagusa tairi. Mafuta alitaka ya DOT 4 katika chupa iliyofungwa kiwandani, na akanikataza kabisa yale yanayouzwa kwa kumiminwa kutoka kwenye mtungi ulioachwa wazi, kwa kuwa yanakuwa yameshakunywa hewa ya mvua zote mbili za mwaka.

Gharama zilikuwa hivi: ukaguzi 40,000, mipira miwili 90,000, mafuta 45,000, kukereza diski mbili 50,000, pedi mpya za mbele 85,000, na ufundi 80,000. Jumla ni shilingi 390,000, karibu nusu ya nilichokuwa nimekitumia kabla ya hapo bila kupata jibu. Kwa maoni yangu zile 40,000 za kwanza, zilizoniudhi, ndizo zilizonunua kitu chenye thamani kuliko vyote, na ningependa desturi ya kulipia ukaguzi ienee katika gereji zetu, maana tangu sheria ya mwaka 2018 ilipozuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, wengi wetu tumeshikilia haya tuliyo nayo, na magari haya yanahitaji mafundi wa kufikiri.

Gereji ina kasoro, na sitazificha. Kazi hii ilichukua siku tatu wakati niliahidiwa moja na nusu, kwa sababu Mzee hamwachii kijana yeyote afunge breki bila yeye kuwapo, na yeye ni mmoja. Hakuna mahali pa kumkalisha mteja isipokuwa matairi na benchi moja chini ya paa la mabati, na mvua ikinyesha uwanja wote unakuwa matope. Siku ya pili gari langu liliachwa nje usiku likiwa halina magurudumu ya mbele, jambo ambalo halikunipendeza hata kama kulikuwa na mlinzi. Stakabadhi ilibidi niiombe mara mbili, na ile niliyopewa haikutaja vipimo vyovyote. Namba za chaki zilifutwa na miguu ya watu siku ile ile. Ninaamini kazi nzuri kama hii ingepaswa kubaki kwenye karatasi, ili mwenye gari azioneshe namba hizo kwa fundi mwingine akiwa mbali na nyumbani, na nilimwambia hivyo. Alisema atanunua daftari. Pia hatoi dhamana ya maandishi, ingawa alinitaka nirudi baada ya kilomita 500 akague viungo vyote bila malipo, na niliporudi alivikagua kweli, akalala chini ya gari mwenyewe.

Kabla ya kunikabidhi ufunguo aliniagiza nizizoeshe pedi mpya kwa diski: nitafute barabara iliyo tupu, nipunguze mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa mara kumi hivi bila kusimama kabisa, nikiacha nafasi ya kupoa katikati, na nisishuke mlima siku hiyo. Nilifanya hivyo kwenye barabara ya Soroti Jumapili asubuhi. Aliniambia pia kwamba mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na kwamba kwenye mteremko nitumie gia ya pili, si breki peke yake, ushauri ambao sasa ninaupokea bila kinyongo kwa kuwa umetoka kwa mtu aliyenitafutia kosa kwanza.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Kapchorwa peke yangu, nikapakia magunia yale yale mawili, nikashuka. Chini ya Sipi nilisimama mahali pale pale nilipozoea kusimama kusubiri pedali irudi. Nilishika rimu ya kushoto, nikazunguka na kushika ya kulia, na joto lilikuwa moja. Tangu hapo imepita miezi saba, pedi zimelika sawa pande zote mbili, na wiki iliyopita nilishuka na watoto.